Mwaka mmoja na miezi miwili bila nyama, samaki, mayai wala maziwa: ni kirutubisho gani tunachokikosa?

Mama wa Kihonda (Morogoro) anauliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mnivumilie nieleze jambo langu kwa urefu kidogo, kwa sababu majibu ya mkato nimeshayapata mengi na hayajanisaidia.

Mwaka jana mume wangu aligundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili, akaanzishiwa metformin, na daktari akamshauri apunguze uzito na abadilishe mlo. Sisi wawili tuliamua kwenda mbali zaidi ya ushauri huo. Tuliacha nyama, samaki, mayai na maziwa, kisha tukaacha pia sembe, mkate, sukari na vyote vya kukaangwa. Sasa jikoni kwetu ni dona ya mahindi tunayopeleka mashineni wenyewe, ulezi, viazi vitamu, magimbi, maharage, kunde, choroko, karanga, mboga za majani na matunda. Siwezi kulalamika kuhusu matokeo: sukari yake imeshuka, mkanda wake wa suruali umetobolewa matundu mawili mapya, na shinikizo langu la damu limetulia.

Wasiwasi wangu ni huu. Kwanza, mama mkwe kila akija kutoka Kilosa humshika mwanawe mkono, huupima kwa vidole viwili, halafu huuliza protini iko wapi. Mara ya mwisho alikuja na jogoo aliyefungwa miguu, na jogoo huyo bado yuko uani anatuamsha alfajiri. Pili, kwa miezi miwili sasa mume wangu analalamika ganzi kwenye nyayo, nasi tumeichukulia kuwa ni kisukari chake. Tatu, binti yetu wa miaka 15 alijiunga nasi kwa hiari yake. Hupata damu nyingi kila mwezi, siku hizi anachoka upesi, na chai ya rangi haimtoki mkononi. Nne, muuzaji wa virutubisho mmoja aliniambia kwamba unga wa mlonge na wa spirulina una kila kitu, vitamini B12 ikiwemo, akanitajia bei ambayo ni zaidi ya bajeti yangu ya chakula ya wiki.

Je, tunakosa nini hasa, na katika hivyo tunavyokosa, ni kipi kinachopatikana sokoni na kipi lazima kinunuliwe duka la dawa?

---

Afisa Lishe Mstaafu anajibu:

Mwanangu, nitaanza na ganzi, kwa sababu hayo mengine yote yanaweza kusubiri wiki moja lakini hilo halifai kusubiri.

Ganzi ya nyayo kwa mgonjwa wa kisukari inaweza kweli kutokana na kisukari. Lakini upungufu wa vitamini B12 nao huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ileile, kuanzia miguuni, na mumeo ana sababu mbili za kuipungukiwa kwa wakati mmoja: hali chakula chochote chenye vitamini hiyo, na anatumia metformin, dawa ambayo ikitumika kwa muda mrefu hupunguza kiasi cha B12 ambacho utumbo hufyonza. Asiache dawa yake. Arudi kwa daktari, aeleze mlo wake wote bila kuficha, na aombe kupimwa B12 katika damu. Kipimo cha picha kamili ya damu peke yake hakitoshi, na hapa pana mtego unaowanasa hata watu makini. Kwa kawaida upungufu wa B12 hufanya chembe nyekundu za damu ziwe kubwa kupita kawaida, na hapo maabara hushtuka. Mtu anayekula mchicha, kunde na maharage kila siku, hata hivyo, anapata foleti (vitamini B9) kwa wingi, nayo foleti huiweka sawa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Damu inaonekana nzuri, mguu unakufa ganzi. Mishipa ikiachwa muda mrefu katika hali hiyo, madhara yake yanaweza yasirekebishike kabisa.

B12 haitengenezwi na mmea wala na mnyama; hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kwa kupitia wanyama. Wale Waingereza walioanzisha chama cha wasiokula chochote cha mnyama mwaka 1944 hawakuwa na namna ya kulijua hilo, maana vitamini yenyewe ilitambuliwa na kutengwa mwaka 1948. Sisi tunajua, kwa hiyo hatuna kisingizio. Tena ini huhifadhi akiba inayoweza kumtosha mtu kwa miaka kadhaa, ndiyo maana wengi husema "mimi nina miaka miwili na sijaona tatizo". Wanakula akiba. Nawe usichukue miezi yenu 14 kama kinga, kwa sababu hujui mumeo alianza na akiba kiasi gani.

Kuhusu yule muuzaji: spirulina ina kitu kinachofanana na B12 lakini mwili wa binadamu hauwezi kukitumia, na mlonge, pamoja na sifa zake zote za haki, hauna B12. Fedha hiyo ibaki mkobani. Mahitaji ya B12 ya mtu mzima ni mikrogramu 2.4 kwa siku, ila vidonge huwa na kiasi kikubwa zaidi, na watu hushtuka wakisoma 1,000 kwenye kichupa. Sababu ni kwamba tumbo hutoa protini maalumu inayoisindikiza B12 hadi ifyonzwe, na protini hiyo hubeba takribani mikrogramu 2 tu kwa mkupuo mmoja. Kinachozidi hapo hupenya chenyewe kwa kiasi cha asilimia 1 hivi. Kwa hiyo katika kidonge cha mikrogramu 1,000 mwili hupata kama 12 tu. Ndiyo maana mtu asiye na upungufu anaweza kumeza kidonge kidogo kila siku au kikubwa mara mbili kwa wiki, na matokeo yakawa yaleyale. Wewe na binti anzeni sasa. Mumeo akikutwa na upungufu, daktari ndiye atakayeamua kama anahitaji sindano. Na msinunue kopo kwa kuona maneno "vitamini B" tu; someni lebo, kwa sababu baadhi ya vidonge vya mchanganyiko vina B12 kidogo mno.

Niongeze jambo moja ambalo sijaona likisemwa sana. Tangu kanuni za mwaka 2011, viwanda vikubwa vya unga wa ngano hapa Tanzania vinatakiwa kuongeza madini chuma, zinki, foliki asidi na B12 katika unga. Ninyi mmeacha mkate na mnasaga dona yenu wenyewe. Mmefanya vizuri kwa upande wa nyuzinyuzi, lakini hata ule mlango mdogo wa B12 mmeufunga.

Kwa mama mkwe, mpe hesabu. Mtu mzima anahitaji takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtu wa kilo 78 anahitaji kama gramu 62. Robo kilo ya dona kwa siku nzima inampa gramu 20 hivi, gramu 120 za maharage makavu zinampa kama 26, konzi mbili ndogo za karanga zinaongeza 10, na zilizobaki zinatoka kwenye viazi na mboga. Mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, ambayo maharage wanayo tele, na maharage nao wana upungufu ambao mahindi huufidia. Si lazima wakutane kwenye sahani moja. Wakikutana ndani ya siku moja inatosha.

---

Mpishi wa Ngamiani anajibu:

Nampa mzee wetu hapo juu heshima zake, nami nizungumzie jiko, kwa sababu chakula kilekile kikipikwa vibaya kinaweza kukunyima nusu ya ulichonunua.

Nafaka na kunde zina kitu kiitwacho fitati, ambacho ndicho ghala la fosforasi la mbegu, nacho hushikilia madini chuma na zinki vipite tumboni bila kufyonzwa. Anayekula dona badala ya sembe hupata madini mengi zaidi, lakini hupata na fitati nyingi zaidi, kwa sababu vyote viwili viko kwenye ganda na kiini. Bibi zetu hawakulijua neno hilo, ila dawa yake waliifanya kila siku. Maharage hulowekwa usiku kucha, na maji yake asubuhi humwagwa. Unga wa uji hukorogwa na maji na kuachwa chunguni usiku mmoja au miwili mpaka uwe na uchachu kidogo. Ulezi huoteshwa kuwa kimea: unauosha, unauloweka usiku mmoja, unauchuja, unautandaza kwenye ungo juu ya kitambaa chenye unyevu na kuufunika kwa kingine, mpaka mizizi myeupe ichomoze, halafu unauanika jua kali na kuusaga. Kijiko kimoja cha kimea ukikitia kwenye uji mzito ambao umepoa kidogo, utauona unalegea na kuwa mtamu mbele ya macho yako. Mbegu inapoota huamsha kimeng'enya chake chenyewe kinachovunja fitati, na uchachu hukisaidia kufanya kazi.

Sasa binti. Madini chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama, lakini vitamini C hubadilisha mambo kabisa, mradi iwe kwenye mlo uleule. Ndimu usiipikie ndani ya maharage, kwa kuwa moto wa muda mrefu huua vitamini C; ikamulie sahanini. Kachumbari ya nyanya na pilipili hoho, embe bichi, chungwa au pera baada ya kula, vyote vinafaa. Na hiyo chai iondoke mezani. Tanini za chai, iwe ya rangi au ya maziwa, hukamata madini chuma, na kahawa nayo ni vivyo hivyo. Simwambii aache chai, maana mimi mwenyewe ni mtu wa Tanga na siwezi kumshauri mwenzangu jambo nisiloliweza. Anywe saa moja au mbili baada ya mlo.

Karoti, maboga, mchicha na viazi lishe vya rangi ya chungwa vinahitaji mafuta kidogo ili vitamini A yake ifyonzwe. Ninyi mliokataa vya kukaangwa msikatae na nazi. Tui jepesi kwenye mboga, au karanga zilizotwangwa, linatosha. Kisamvu, nimeona hukukitaja, lakini ukikila, kitwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, kwa sababu ya ile sumu ya muhogo inayotoka na mvuke.

Chumvi nunueni yenye madini joto, si ile ya mawe inayouzwa kwa kupimwa gengeni. Mtu asiyekula samaki wala maziwa hana mahali pengine pa uhakika pa kupatia madini joto. Ifunikwe, isikae karibu na jiko, na itiwe chunguni mwishoni.

---

Mwalimu wa Baiolojia anajibu:

Nimesoma kwa makini, nakubaliana na mengi, lakini naona mmeupita mfupa kama hamkuuona.

Utafiti wa EPIC-Oxford wa Uingereza, uliofuatilia watu karibu 55,000 kwa zaidi ya miaka 17 na kuchapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba wasiokula chochote cha mnyama walivunjika mifupa kwa asilimia 43 zaidi ya wala nyama. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na wembamba wao na kula kalisi na protini kidogo, lakini hata watafiti walipoyahesabu hayo, tofauti haikuisha yote. Wale ni Wazungu na mlo wao si wa Morogoro, ninalijua hilo. Hata hivyo mtu asidhani kwamba kuacha nyama ni faida tupu.

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 za kalisi kwa siku, na binti wa miaka 15 anahitaji 1,300, kwa sababu ndiyo miaka anayojenga mfupa atakaoutegemea mpaka uzeeni. Watu wengi wakisikia kalisi ya mboga hukimbilia mchicha na spinachi. Jedwali litakuonyesha kalisi nyingi humo, lakini mboga hizo zimejaa oksalati inayoifunga. Katika spinachi mwili huambulia asilimia 5 tu hivi. Sukuma wiki haina tatizo hilo, na kalisi yake hufyonzwa vizuri kuliko hata ya maziwa, ingawa gramu 100 zilizopikwa zina kama miligramu 140 tu. Ulezi una karibu 340 kwa gramu 100 za nafaka kavu, na hapo ndipo kile kimea cha Ngamiani kinapopata maana. Ukiyajumlisha hayo kwa mlo wa kawaida, mtu mzima anaweza kufika kwa kujitahidi. Binti sioni akifika kwa urahisi.

Kwa hiyo nasema wazi, hata kama nitakuwa mkorofi wa jukwaa: huyo mtoto ningempa dagaa wa kuliwa na mifupa yao mara tatu kwa wiki, na kikombe cha maziwa. Ana damu nyingi ya mwezi, anachoka, na hana kisukari. Mlo uliomsaidia baba si lazima uwe ndio unaomfaa mtoto.

---

Mpare wa Suji anajibu:

Mwalimu, mimi ni Msabato niliyezaliwa katika nyumba isiyopika nyama, na nimelelewa kwa makande. Katika utafiti mkubwa wa Wasabato wa Marekani na Kanada ulioanza mwaka 2002 na kuandikisha watu wapatao 96,000, wasiokula nyama walikutwa na kisukari cha aina ya pili kwa kiwango cha chini kuliko wanaokula, kwa hiyo sishangai sukari ya kaka yetu kushuka. Lakini niwe mkweli: makande ya kwetu yaliandamana na maziwa, na Wasabato wengi wanaojiita wala mboga hula mayai. Wanaosema "wazee wetu waliishi kwa mimea tupu bila vidonge" naomba wakumbuke vizuri kilichokuwa kwenye kibuyu.

Karanga za Mama wa Kihonda zinanitia shaka kidogo. Nyumba inayokula karanga na mahindi kila siku inakula pia hatari ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, kila siku. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Chambua karanga kabla ya kuzikaanga, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ladha chungu, na usinunue zilizokwisha sagwa, kwa sababu huko ndiko mbovu hufichwa.

---

Mama wa Kihonda anajibu (wiki tatu baadaye):

Nawashukuru nyote, nami naona ni haki nirudi na majibu.

Tulikwenda hospitali. Kipimo cha B12 cha mume wangu kimerudi chini ya kiwango, na, kama alivyosema Afisa Lishe, picha kamili ya damu yake haikuonyesha lolote. Ameanzishiwa sindano. Ganzi haijaondoka, anasema imepungua upande wa vidole tu, na daktari ametuambia tuhesabu miezi, si siku. Metformin anaendelea nayo. Mimi na binti tunameza vidonge, na bei yake kwa mwezi ni ndogo kuliko ya soda tulizokuwa tukinunua zamani.

Binti amekutwa na upungufu wa damu, amepewa vidonge vya madini chuma kwa miezi mitatu, na chai sasa anakunywa saa kumi jioni tu. Mwalimu, nilimsomea maneno yako bila kuyapunguza. Amefikiri siku mbili, akasema maziwa hapana, dagaa atakula, ila nisimpikie na vichwa. Mama mkwe ameichukua habari hiyo kama ushindi wake. Ile hesabu ya protini niliiandika kwenye karatasi nikampa. Aliisoma yote, akaikunja, akaniuliza kama huyo aliyeiandika amewahi kulima.

Swali langu la mwisho ni la jikoni. Kimea changu cha kwanza cha ulezi siku ya tatu kimetoa utando wa kijivu wenye harufu ya uvundo. Nikianike tu na kukisaga, au nikitupe?

---

Mpishi wa Ngamiani anajibu:

Kitupe chote dada, hata kuku usiwape, na huyo jogoo wa Kilosa pia usimpe. Huo ni ukungu, na mwenzetu wa Suji ameshaeleza kwamba moto hauziondoi sumu za namna hiyo.

Umekosea mambo mawili, nami nilichangia kwa kutokukuandikia siku. Kitambaa chako kilikuwa kimelowa badala ya kuwa na unyevu. Kikamue mpaka kisidondoshe tone, na kila asubuhi na jioni uukung'ute ulezi kwa mkono ili joto lisijikusanye katikati. Pili, ulichelewa. Kwa joto la Morogoro siku mbili zinatosha. Mzizi ukilingana na urefu wa punje yenyewe, uanike siku hiyohiyo kabla ya saa nne asubuhi, utandaze mwembamba kabisa, na ukiona mawingu yanakuja, ahirisha kuloweka mpaka wiki yenye jua.